Ukingo wa Dari na Moto wa Jikoni

Neno la msingi: Kumbukumbu la Torati 22:8



Neno ninalowaletea mwezi huu ni fupi, na wengi wetu tumelipita mara nyingi bila kusimama. Limo kati ya sheria ndogo ndogo alizowapa Musa wana wa Israeli walipokuwa karibu kuingia nchi ya ahadi. Mbele yake iko sheria ya kiota cha ndege, na nyuma yake iko sheria ya shamba la mizabibu. Hapo katikati Musa amwagiza kila ajengaye nyumba mpya kwamba aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka toka juu, na damu ya mtu huyo ikawa deni la nyumba ile.

Ili tufahamu neno hili yatupasa kwanza kujua nyumba za watu wale. Hazikuwa na paa la mgongo kama zetu. Zilikuwa na dari tambarare, na watu walipanda juu yake kwa kazi zao za kila siku. Rahabu alitandaza kitani juu ya dari akawaficha wapelelezi humo, na Petro alipanda darini kusali saa sita ya mchana. Watoto nao walicheza huko. Basi dari ilikuwa mahali pazuri, pa upepo na pa mazungumzo, lakini mtu aliyerudi nyuma hatua moja bila kutazama angeweza kuvunjika shingo. Mungu hakukataza watu kupanda darini. Aliamuru tu kwamba ajengaye nyumba ajenge na ukingo.

Labda utasema, Nyumba yangu ni ya makuti au ya bati, wala hapandi mtu juu yake ila fundi. Sheria hii yanihusu nini? Ndugu yangu, kila nyumba ina dari yake, ndipo mahali pale ambapo watu hufanya kazi kila siku, na ambapo mdogo aweza kuangamia kwa hatua moja. Kwetu mahali hapo ni jikoni, kwenye mafiga matatu yaliyowekwa chini, mahali ambapo mkono wa mtoto atambaaye hufika pasipo kunyoshwa.

Sasa niwaambieni habari yangu mwenyewe, maana mimi nilijifunza neno hili kwa aibu.

Miaka michache iliyopita, wakati wa masika, niliitwa kumzika mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mama yake alikwenda kisimani, akamwacha na dada yake wa miaka sita. Chungu cha maharagwe kilikuwa kikitokota juu ya mafiga. Mtoto alijishika chunguni ili asimame, nacho kikampindukia kifuani. Majirani walikuja mbio, kila mmoja na dawa yake: huyu alipaka yai, yule majivu, mwingine mafuta ya kupikia. Alipelekwa hospitali siku ya pili, na siku ya tatu akafa.

Nami kaburini nilisema yale niliyozoea kusema. Nilisoma habari za Ayubu, nikawaambia wafiwa kwamba Mungu ndiye aliyempa na ndiye aliyemtwaa, wala mwanadamu hana la kuuliza. Watu wakaitikia, tukaimba, tukatawanyika.

Jioni ile bibi wa mtoto, Mkristo wa siku nyingi, alikuja barazani kwangu. Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba mchungaji, yale uliyosema kaburini ni kweli?” Nikamjibu, “Ni kweli, bibi.” Akasema, “Na mafiga yale aliyaweka nani pale chini? Nilimwambia mwanangu mara mbili ajenge jiko la kuinuka. Akasema atajenga akiisha kuvuna kahawa. Leo nilitumaini utamwambia neno. Wewe umemwambia kwamba ni Mungu aliyefanya. Basi hatajenga. Na kitoto kingine kimo mgongoni mwa mama yake, cha miezi mitatu.”

Sikuwa na jibu. Alipokwisha kwenda niliingia jikoni mwangu mwenyewe, nikatazama kwa taa. Mafiga yangu yalikuwa chini kama yake. Koroboi lilikuwa juu ya kigoda kifupi. Mafuta ya taa yalikuwa katika chupa ya soda, nyuma ya mlango, nami nina watoto. Usiku ule niliona kwamba nilikuwa nimemtwika Mwenyezi Mungu mzigo uliokuwa wetu sisi wanadamu.

Ndugu, tulipime neno hili kwa Maandiko. Ni kweli kwamba uhai wetu umo mkononi mwa Mungu, wala halianguki shomoro moja asipojua. Lakini Mungu huyo huyo ajuaye habari za shomoro ndiye aliyeamuru ukingo wa dari. Kama angetaka tukae bure na kungoja yatakayotokea, angewapa Waisraeli sheria hii kwa nini? Ayubu naye alipowapoteza watoto wake, si kwa uvivu wake. Twasoma kwamba alikuwa akiamka mapema asubuhi na kutoa sadaka kwa ajili yao, kila mmoja kwa idadi yao. Maneno yake ni maneno ya mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake, kisha akainama chini ya mkono asioufahamu. Asiyeziba hata ufa mmoja hana ruhusa ya kuyaazima maneno hayo.

Wengine husema, Malaika wa Mungu humlinda mtoto. Ni kweli, na Bwana Yesu mwenyewe amewataja malaika wa wadogo hawa. Lakini kumbukeni jinsi Shetani alivyomchukua Bwana wetu mpaka juu ya hekalu, akamwambia ajitupe chini, maana malaika watamdaka. Bwana alikataa. Alisema kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Basi mtu aachaye moto wazi mbele ya mtoto, na kusema malaika wapo, anasema maneno ya yule aliyesimama naye juu ya hekalu.

Wengine tena husema ya kwamba mtoto amelogwa, au kwamba kuna jirani mwenye jicho baya. Hao humtafuta adui nje ya ua, na chungu kiko ndani. Na wengine huleta mithali ya wahenga, ajali haina kinga. Nami nawaheshimu wahenga. Lakini katika jambo hili Mungu amenena, akaamuru kinga ijengwe.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Ulimwenguni, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, yalitoa taarifa juu ya jambo hili. Ilionekana kwamba watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifa kila siku duniani kwa ajali ambazo hakuna aliyezikusudia, hasa za barabarani, na kuzama majini, na kuungua, na kuanguka, na kunywa sumu. Katika kila vifo 100 vya namna hiyo, zaidi ya 95 vilitokea katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, ndizo nchi kama zetu. Tena taarifa ile ilisema kwamba kama njia za kinga zilizokwisha kujulikana zingetumiwa pote, watoto wapatao 1,000 wangeokolewa kila siku. Watoto elfu kila siku, ndugu zangu! Huo ndio urefu wa ukingo ambao haujajengwa.

Sasa tuifuate amri ya tano, ile inayokataza kuua. Kila aliyepata kipaimara aliyajifunza maelezo yake katika Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Dakta Martin Luther mwaka 1529. Luther hakuridhika kusema kwamba tusimwage damu. Alifundisha kwamba amri hii yatutaka pia kumsaidia jirani yetu katika kila haja ya mwili wake. Na ni jirani gani aliye karibu kuliko mtoto alalaye kitandani mwako? Basi amri hii na tuichukue tuingie nayo nyumbani, tuone mahali pa kujenga.

Kwanza, moto. Jiko na liinuliwe kwa matofali au kwa udongo ulioshindiliwa, lifike kiunoni mwa mtu mzima. Pasipowezekana, na uwekwe uzio wa fito au kimlango cha chini mlangoni pa jikoni, ili atambaaye asiingie. Mwenye jiko la gesi au la mafuta asidhani kwamba amesamehewa. Mkono wa sufuria na ugeuzwe ndani, usielekee ukingoni mwa meza. Uji wa moto na chai visiwekwe sakafuni hata kidogo. Mama asisonge ugali hali amembeba mtoto mgongoni. Koroboi na litundikwe ukutani, na viberiti viwekwe juu. Tena jiko la makaa lisiingizwe chumbani mwa kulala na milango kufungwa, maana hewa yake huua watu usingizini, wala haina harufu ya kuwaonya.

Mtoto akiungua, usipake yai, wala majivu, wala mafuta, wala dawa ya meno, wala tope. Vitu hivyo huongeza uchafu na kufungia joto ndani. Mvue nguo iliyolowa maji ya moto, isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi. Mmiminie mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20, na mwili wake mwingine ufunikwe asipate baridi. Malengelenge usiyapasue. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali siku ile ile. Maji hayo hayauzwi, wala hayahitaji mganga.

Hapa nataka kuongeza neno kwa ajili ya watoto wenye kifafa. Katika Injili ya Marko, sura ya 9, yuko baba aliyemlilia Bwana kwamba mwanawe huangushwa mara kwa mara motoni na majini. Baba huyo anaishi bado katika sharika zetu. Na ni aibu kubwa kwamba wako watu waogopao kumtoa motoni mtu aliyeanguka kifafa, wakidhani kwamba mate yake huambukiza. Kifafa hakiambukizi. Mtoeni upesi, mlazeni kwa ubavu, na mpelekeni hospitali, kwa kuwa dawa ya kukituliza iko. Mtoto wa namna hii asiachwe peke yake kando ya moto wala kando ya maji.

Pili, maji. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Mungu aliagiza kwamba mtu akichimba shimo bila kulifunika, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo amlipe mwenye mnyama. Kama Mungu alihesabu uhai wa punda wa jirani, je, hatauhesabu uhai wa mtoto? Kisima na kiwe na kifuniko, na shimo la choo vivyo hivyo. Mashimo yaliyofyatuliwa matofali na yafukiwe kabla mvua haijayajaza. Tena msidhani kwamba maji mengi tu ndiyo yauayo. Mtoto mdogo aweza kuzama katika ndoo, katika maji yasiyopita upana wa kiganja, kwa dakika chache tu, wala mara nyingi hapigi kelele. Ndoo zimwagwe au zifunikwe.

Tatu, sumu. Katika 2 Wafalme, sura ya 4, mmoja wa wana wa manabii aliokota matango ya mwitu akayakatia chunguni bila kuyajua, nao waliokula wakapiga kelele kwamba mauti imo humo. Hakuwa mwuaji, hakujua tu. Ndivyo ilivyo kwa mama atiaye mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto huijua chupa, hayajui mafuta. Basi mafuta, na dawa ya panya, na dawa ya kahawa, na dawa ya kuogeshea ng'ombe, na vidonge vya hospitali, vyote viwekwe juu au katika sanduku lenye kufuli, wala visitiwe kamwe katika chombo cha kunywea. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, maana yakipanda hushuka mapafuni na kumdhuru zaidi. Mkimbize hospitali, na chupa uichukue ili mganga aione.

Mengine nayataja kwa ufupi. Panga, shoka na wembe visiachwe chini. Karanga nzima, shanga na vifungo visipewe wadogo walio chini ya miaka mitano, kwa kuwa huwaziba koo.

Nne, haraka. Mefiboshethi mwana wa Yonathani hakuzaliwa kiwete. Alikuwa na miaka mitano, ndipo habari za kufa kwa baba yake zilipofika, na yaya wake akamchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili maisha yake yote. Yaya yule alimpenda, naye alikuwa akimwokoa. Upendo ulikuwako, lakini haraka iliuvunja. Basi sifikiri kwamba mama zetu hawana upendo. Mama mwenye kuni, na maji, na shamba, na watoto wanne, ana mikono miwili tu.

Kwa hiyo nasema nanyi, akina baba. Tazameni tena neno letu. Musa hakumwagiza yaya. Hakumwagiza mama aliye kazini, wala dada wa miaka sita. Alimwagiza yeye ajengaye nyumba. Ukingo hujengwa mara moja, nao humlinda mtoto hata saa ile mama amechoka au amegeuka kutazama nyuma. Wewe uliyepata fedha za bati, na za redio, na za mlango wa mbele, matofali ya jiko yamekushinda? Usimwulize mkeo, Ulikuwa wapi? Mungu atakuuliza wewe, Ukingo uko wapi?

Nanyi waalimu wa dini na wazee wa kanisa, mnapozuru nyumba kwa maombi, ingieni na jikoni. Kabla ya ubatizo waulizeni wazazi na wasimamizi habari za moto na kisima kama mnavyowauliza habari za imani, maana mtoto yule mnayemleta majini kwa Kristo ana mwili pia. Na akina mama wa usharika na watazame mfano wa Bangladesh. Huko watoto wengi walikuwa wakizama asubuhi, wakati mama zao walipokuwa katika kazi. Vijiji viliweka mahali ambapo mwanamke mmoja aliyefundishwa huwatunza watoto wadogo wa majirani saa zile za asubuhi, na kuzama kwa watoto hao kulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Je, sisi tulio na chama cha akina mama katika kila mtaa, jambo hili litatushinda wakati wa kulima na wa kuvuna?

Sasa nawageukia ninyi mliokwisha kufiwa. Najua kwamba mmoja wenu anasoma maneno haya na machozi yanamtoka, akisema, Basi ni mimi niliyemwua mwanangu. Katika chuo cha uchungaji tulifundishwa kwamba Sheria na Injili zisichanganywe, tena zisitenganishwe zikapotezana. Sheria imesema: damu huwa juu ya nyumba. Siwezi kuifuta. Lakini Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, watuambia habari za damu nyingine, damu ya Yesu, inenayo mema kuliko damu ya Habili. Damu hiyo nayo imo juu ya nyumba yako. Leta kosa lako kwake, kubwa au dogo, la kweli au la kudhaniwa, naye atalichukua. Wala usizuie machozi. Luther mwenyewe alipofiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, alilia, hali akiamini ufufuo. Bwana aliyesema wadogo wasizuiwe kumjia, hakumzuia mwanao. Na ninyi majirani, nyamazeni. Mtu asimnyoshee mama aliyefiwa kidole, ila ampelekee maji na chakula.

Habari ya bibi yule niimalize. Majuma mawili baadaye nilikwenda kwa mwanawe. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba nilikosa kaburini, kwamba kifo cha mtoto si cha kumtwika Mungu wala mama, na kwamba mimi pia nilikuwa na mafiga chini. Hakunijibu siku ile. Juma la pili yake alinijia akanionyesha matofali aliyoyafyatua. Tukajenga pamoja, kwake kwanza, na kwangu baadaye. Jiko lake si zuri sana, limeinama upande mmoja. Lakini kile kitoto cha miezi mitatu sasa kinakimbia uani, na kikifika jikoni, hukuta kimlango.

Ee Bwana Mungu, Baba yetu, uliyetukabidhi watoto wako kwa siku chache, utusamehe uvivu wetu tuliouita mapenzi yako. Uwafariji waliofiwa. Uitie nguvu mikono ya baba ijenge, na ya mama isichoke, na macho yetu sote yafunguke kabla ya kilio. Twaomba hayo kwa ajili ya Mwanao Yesu Kristo, aliyelazwa mtoto mdogo horini, akatunzwa na mikono ya wanadamu. Amina.